Marahaba za Mama

Juzi, pale Chang'ombe, mtoto nisiyemjua alinipita mbio huku akinipa shikamoo, na mara nikaikumbuka siku yetu ya kwanza Nairobi.

Baba alisema tunakwenda kutembea. Alikuwa na bahasha kubwa ya kahawia kwapani, nami nikadhani ni ya kuwekea picha tutakazopiga. Barabara zilinukia chipsi na lami iliyonyeshewa. Mama alikaa kila palipokuwa na ukingo, nikaona anataka kuyatazama maghorofa vizuri.

Kama nilivyozoea kwetu Mkonze, nilimwamkia kila mtu mzima niliyepishana naye. Wengine walicheka, wengine walipita tu.

"Mama, mbona hawaitikii?"

"Wana haraka, mwanangu. Wewe amkia, nitaitikia mimi."

Basi siku nzima nililiamkia jiji, naye nyuma yangu, kwa sauti iliyokatwa na kikohozi, akaitikia: "Marahaba. Marahaba."

Ndani ya bahasha mlikuwa na picha ya kifua chake. Kesho yake alilazwa.

Tulirudi Mkonze mimi na baba tu. Njia nzima kutoka stendi watu waliitikia shikamoo zangu, na kila walipoitikia, niligeuka nyuma.