Samaki Tuliowazika Mbangala

Niliondoka Tunduma kwa sababu ya simu ya Baba Tumaini, mvuvi wa Mbangala aliyewahi kunipokea kwake nilipokuwa nikichunguza samaki wa mto wao.

"Mama, mvua ya kwanza imenyesha, na samaki wanaelea wamekufa," alisema. "Watu wanaokota. Njoo uangalie."

Nilikuwa likizo, kwa dada yangu. Mimi ni mhifadhi. Wageni wanaokuja hifadhini kwetu hutaka kuona tembo na simba, lakini kazi yangu tangu ujana imekuwa samaki. Dada aliniuliza kama hakuna mwingine wa kwenda. Nilifikiri, nikaona hakuna. Nikachukua chupa za sampuli na boksi la barafu.

Mbalizi nilibadilisha basi, tukaanza kuteremka kuelekea bonde la Rukwa, joto likizidi. Mkwajuni nilipanda bodaboda. Tulipopita Saza, dereva alininyooshea vifusi vya machimbo.

"Wanaosafisha dhahabu wanatumia zebaki. Watu wanasema ndiyo imeua samaki."

"Wewe umeona?"

"Sijaona, mama. Ndivyo wanavyosema."

Mbangala niliwakuta perege na kambale wametandazwa juu ya kichanja, moshi ukiwapitia, na Mama Tumaini, mke wa mwenyeji wangu, akiwageuza. Nilimwomba mmoja nikafunua matamvua yake. Yalikuwa yamejaa tope. Huenda maji machafu ya mvua yalimziba pumzi. Huenda ilikuwa sumu. Kwa macho matupu sikuweza kujua.

"Msiwale," nikasema.

Mama Tumaini aliacha kugeuza. "Unga umeisha ndani. Watoto wale nini?"

Nilimweka yule samaki kwenye boksi la barafu, naye akaniuliza:

"Una hakika ni sumu?"

"Sina. Ndiyo maana nasema msiwale."

Baba Tumaini alichukua jembe akaanza kuchimba shimo la kuwazika nyuma ya nyumba. Majirani walileta samaki wao, wengine wakinung'unika waziwazi. Mama Tumaini alimwaga ungo wa mwisho shimoni akaingia ndani. Jioni aliniletea maboga ya kuchemsha, akaweka sahani bila kunitazama. Watoto walikula hayohayo.

Asubuhi, mimi na Baba Tumaini tulipanda kando ya mto. Juu, penye miamba, maji yalikuwa yameanza kutulia, na kambale mmoja alijitokeza kuvuta hewa. Baba Tumaini alivua kofia. Nilijaza chupa zangu, nikarudi nilikotoka.

Tunduma, malori yakiwa yamepanga foleni ya kuvuka mpaka kama kawaida, nilingoja majibu ya maabara. Yalipokuja, hayakuonyesha sumu, si kwenye maji wala kwenye samaki. Lilikuwa tope tu.

Nilikaa na simu mkononi. Miaka yote nilidhani kazi yangu ni kuwajua samaki. Safari hii nilijifunza kwamba kuna siku kazi hiyo ni kumtazama mwenye njaa na kumwambia sijui, kisha kubaki na ulichomwambia. Nikapiga.

"Walikuwa salama, Baba Tumaini. Mngeweza kuwala."

Nikamsikia akimweleza mkewe, na mkewe akachukua simu.

"Kwa hiyo mto hauna sumu?"

"Hauna, Mama Tumaini. Nisamehe kwa chakula kile."

Alivuta pumzi ndefu. "Tulizika samaki, mama. Hatukuzika mtoto."