Siku Nilipomvua Mama Mkwe Shanga

Habari hii siipendi kuisimulia, lakini kwa vile Kakuma nzima inaijua na wengine wanaisimulia vibaya (wapo wanaosema nilimvua nguo, na nguo sikumvua), afadhali muisikie kwangu mwenyewe. Nilifanya ujinga, tena ujinga wa kusoma, ambao ni mbaya kuliko ule mwingine kwa sababu mtu anaufanya huku amejiamini.

Mwaka 2012 nilikuwa Lodwar, nafanya kazi kwenye duka la kuchapa barua na kupiga fotokopi. Nilikuwa mwenyeji nusu: baba Mturkana, mama Mbukusu, nimezaliwa na kusomea Kitale, na desturi za kwa baba nilizijua kwa kusikia tu, kama mtu anayejua chakula kwa harufu. Nilikuwa na mchumba, Ekai, mwalimu wa shule ya msingi huko Kakuma, na jambo moja tu lilikuwa limebaki, baba yake mzee Lokol akubali kuja kwetu kuzungumza mambo ya mahari. Mzee alikuwa amekataa. Hakunitukana wala hakunichukia, alisema tu kwamba msichana aliyekulia Kitale hajui mila na siku moja ataleta balaa nyumbani. Ekai akaniambia nianze na mama yake, kwa sababu mama akikupenda, mzee atachoka kubisha.

Basi Desemba ile, mwaka uleule ambao mafuta yalikuwa yamepatikana upande wa Lokichar na kila mwenye biashara nchini akaikumbuka Turkana, yalikuja malori mawili ya bembea. Si bembea za watoto za mbao, ni zile za mashine: viti vinavyoning'inia kwa minyororo vikizunguka hewani, gurudumu la kupandisha watu juu, na nyumba ya plastiki iliyopulizwa hewa ya watoto kurukia. Mwenye mali, jamaa mmoja mpole kutoka Eldoret, akazungushia mabati uwanja wote na kuweka lango, halafu akaja dukani kwetu na karatasi ya masharti ya mavazi nimtengenezee bango. Karatasi ilisema wageni wavae nguo za heshima za kifamilia, wasipande na kofia, wala ndala, wala leso iliyolegea, wala mikufu mirefu.

Hapo kwenye mikufu ndipo nilipojitafutia balaa. Nilijiuliza, Lodwar hapa nani anavaa mkufu? Watu wanavaa shanga. Sasa mtu akija na shanga zimejaa kutoka mabegani mpaka kidevuni, na bango linasema mikufu, si atabisha langoni? Nikaongeza maneno mawili, NA SHANGA, kwa herufi kubwa, nikalifunika bango kwa plastiki lisiharibiwe na vumbi. Yule jamaa akalisoma akasema, "Umefikiria mbele, dada." Nilifurahi siku nzima.

Siku ya tatu alirudi dukani amekunja uso. Wanaume wanaingia, vijana wanaingia, watoto ndio usiseme, lakini akina mama wenye shanga wakifika langoni na kusomewa bango wanageuka, wanakaa nje kwenye mabati wanachungulia. Nikamwambia kwa ujuzi wangu wote kwamba akina mama wa huku wanaogopa vitu vya juu. (Hakuna aliyekuwa anaogopa chochote. Mungu anisamehe.)

Wiki hiyohiyo Mama Ekai akaja Lodwar kunitembelea, alale siku mbili, anione ninavyoishi. Ni mama mrefu, mkavu, anayeongea kidogo, na shingo yake ilikuwa imejaa shanga nyekundu, buluu na njano zilizopakwa mafuta mpaka zinang'aa, hata kugeuka alikuwa anageuka na mabega. Nilimpikia, nikamnunulia shuka jipya, tukawa tumeishiwa na maneno, ndipo nikasema twende kwenye bembea. Tulipofika akasimama akaangalia vile viti vikipita hewani na watu wanapiga kelele.

"Huko juu mtu anaona mto?" akaniuliza.

"Anaona, mama. Anaona mpaka ng'ambo ya Turkwel."

"Mimi nataka ile."

Langoni kijana wa tiketi akasema mama anaingia lakini shanga hapana. Mama Ekai akaniangalia. Nikamwambia ni sheria. Akauliza ni nani aliyesema, na mimi, badala ya kunyamaza, nikanyoosha kidole kwenye bango nikasema, "Mimi ndiye niliandika hii." Nilitaka ajue mkwe wake mtarajiwa ni mtu wa maana mjini. Aliniangalia tena, muda mrefu kidogo, kisha akaangalia viti.

"Sawa," akasema. "Wewe umesoma."

Tukaingia nyuma ya hema la tiketi. Sasa shanga zile hazikuwa kitu cha kuvua jioni na kuvaa asubuhi, zilikuwa pale miaka, uzi umekauka na mafuta na mafundo yamekuwa mawe. Nilihangaika na fundo la kwanza mpaka kucha ikakatika, huku nje wanaita watu wa zamu inayofuata wapande. Nikaazima makasi. Nilimuuliza, "Mama, nikate? Nitazifunga tena." Akafumba macho akasema kata, nikakata uzi mmoja baada ya mwingine, shanga nikiziangushia kwenye mfuko wa plastiki, nyingine zikimwagika mchangani nikiziokota pamoja na kokoto. Shingo ikabaki tupu, nyembamba, rangi yake tofauti na ya uso. Alikuwa anaigusagusa kama mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Juu alifurahi. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli na kwa sababu ndilo jema pekee la siku ile. Mzunguko wa kwanza na wa pili alikuwa anacheka kwa sauti, mkono ameunyoosha kuelekea mtoni. Wa tatu akanyamaza. Mashine iliposimama alikuwa hawezi kusimama, macho yanatiririka machozi ya upepo, kichwa kinazunguka. Nikamfunika shuka kichwani kwa sababu ya jua, nikamshika kiuno, tukatoka langoni polepole yeye ameinama mimi nimembeba nusu.

Sasa mtazameni kwa macho ya mtu wa nje. Mama mtu mzima, shingo haina hata ushanga mmoja, amefunikwa kichwa, analia, ameshikiliwa asianguke. Mimi sikujua, lakini kila mwanamke aliyekaa kwenye yale mabati alijua, kwamba mama mwenye mume hatoi shanga zake zote shingoni. Anazitoa siku mume akifa.

Wa kwanza kutuona alikuwa Mama Ebei, jirani yao wa Kakuma anayeuza makaa kwenye kambi ya wakimbizi, alikuwa amekuja Lodwar hospitali. Aliweka mikono kichwani, akakaa chini mchangani na kuanza kulia ule mlio wa msiba. Wale wengine wakampokea. Mimi nikadhani wanamhurumia kwa kizunguzungu, nikawa nawaambia asanteni, asanteni, atapoa. Mama Ekai naye hakuweza kusema neno kwa sababu alikuwa anatapika. Alipoinua kichwa na kuelewa, alinishika mkono kwa nguvu akasema, "Huyo mama arudishwe." Lakini Mama Ebei alikuwa ameshapanda gari la Kakuma, na kabla ya kupanda alikuwa ameshapiga simu.

Nikampigia Ekai mara ishirini. Simu yake ilikuwa imezimwa, na baadaye nikaambiwa ilikuwa inachajiwa dukani kwa Mama Achol, mfanyabiashara wa Sudan Kusini ambaye nusu ya mtaa huchajia simu kwake. Usiku ule Mama Ekai hakuzungumza na mimi. Niliogopa, siwafichi. Nilikuwa naona mahari yangu, harusi yangu na Ekai wangu wakienda na maji ya bango moja.

Asubuhi tulipata gari la mizigo, na tulipofika Kakuma boma lilikuwa limejaa. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa, sufuria ziko motoni, Mama Achol ameleta sukari na akina mama wa kanisa lake wanaimba kwa Kidinka. Ekai hakuwepo, alikuwa ameondoka alfajiri kwenda malishoni, mwendo wa nusu siku kwenda na kurudi, kuutafuta mwili wa baba yake. Mama alipoingia na shingo tupu kilio kikapanda upya. Akasema, "Mzee hajafa." Wakamshika mikono wakamkalisha na kumpa maji, kwa sababu mjane mpya ndivyo anavyosema. Mimi nikaanza kueleza habari ya bembea na bango, na Mama Achol akanikumbatia akaniambia, "Pole binti yangu, lia tu, iko sawa, hata mimi ya mume yangu ilinichanganya kichwa."

Ikawa hivyo mpaka mchana. Ndipo mzee Lokol akaingia kwa miguu yake, kigoda chake mkononi, fimbo begani, Ekai nyuma yake. Nyimbo zikakatika. Mzee akaangalia watu, akaangalia sufuria, akaangalia mbuzi wake walivyopungua mmoja.

"Nani amekufa?" akauliza.

Mwishowe Mama Achol, mwanamke jasiri, akasema, "Baba, ni wewe."

Mzee akafikiri. Akaweka kigoda chini, akakaa, akasema kama ni hivyo basi apewe chai, na nyama pia, maana kutoka jana hajala. Watu wakaanza kucheka, mmoja mmoja, na mimi nikaanza kupumua. Kisha mke wake akaja kumpa kikombe, na mzee akaiona shingo yake. Hakunywa. Kikombe akakiweka chini, na kicheko kikaisha.

"Nani alizitoa?"

"Ni mimi, apa," nikasema, nikimwita baba kwa Kiturkana. Sauti yangu niliisikia kama ya mtoto.

Wazee wakakaa pembeni kuzungumza. Kwao halikuwa jambo la kuchekesha hata kidogo: nilikuwa nimemvika mwanamke kifo cha mume aliye hai, na kifo kikishaitwa kinaweza kuja kuona ni nani aliyekiita. Ikaamuliwa mbuzi mwingine achinjwe, mume na mke wapakwe majani ya tumboni mwake, mkosi utoke. Hayo yakafanyika jioni ileile, na nilisimama nikiangalia bila kujua mikono niiweke wapi. Kuhusu mimi, mzee alisema maneno machache.

"Nilisema. Sasa arudi kwao."

Ekai akafungua mdomo, mama yake akamtangulia.

"Akienda, nani atazifunga?" akasema. "Yeye ndiye alikata. Na mimi ndiye nilikubali, mzee, nilitaka kuona mto. Kama unamfukuza, utufukuze wawili."

Mzee akasema nibaki mpaka shanga zirudi shingoni, zote, na asinisaidie mtu.

Ilichukua siku tano. Nilikaa kwenye kivuli cha akai, kile kibanda cha matawi cha mama, nachambua shanga na kokoto, natunga, nakosea mpangilio wa rangi, Mama Ekai anaichomoa kazi yote kwa kidole kimoja na kuniambia anza. Kila aliyekuja kumwona marehemu alipita kwanza kuniona mimi. Wengine walikuja mara mbili. Kazini Lodwar walinitafuta, nikawaambia niko matanga, na wakaniuliza ni nani, na hapo simu nikaikata. Lakini katika siku hizo tano mama alinifundisha kila uzi ni wa nini, upi alipewa na mama yake, upi alijinunulia mwenyewe Ekai alipozaliwa. Nilimuuliza kwa nini hakunikataza siku ile langoni. Akasema alidhani mtu aliyesoma mpaka kuandika sheria, lazima anajua na yanayofuata.

Neno hilo liliniuma kuliko kilio chote.

Siku ya tano nikafunga uzi wa mwisho. "Kaza," mama akasema, nikakaza. Mzee akasogea, akaiangalia shingo ya mke wake mbele na nyuma, hakusifu chochote. Akamgeukia Ekai.

"Waambie watu wa Kitale tutakuja baada ya uchaguzi."

Nililia palepale, mbele ya watu, na safari hii hakuna aliyekosea sababu.

Walikuja kweli, 2013, na mzee mwenyewe akiwa mbele. Siku hizi mtu akileta karatasi dukani nachapa kilichoandikwa, siongezi hata nukta. Na nikiulizwa na wageni wavae nini kwenda kwenye bembea, nawaambia viatu vya kufunga, nguo isiyopepea, na kama wana mama mkwe, kwanza wamuulize akivua alichovaa watu watasema nini, na jibu wamsubiri mpaka alitoe lote.