Sakafu ya Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mwashi mstaafu anayelinda maabara ya chuo, na kwa majivuno hana mpinzani. Mimi nafagia jengo hilohilo, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Mle ndani kulikuwa na binti anayesomea shahada ya uzamivu. Alikuwa na roboti nane ndogo, kila moja saizi ya kiberiti, zinazotembea kwa kutetemeka. Alitaka kujua kama zitagombania chaja moja iliyowekwa katikati au zitaachiana zamu. Ajabu, hazikugombana hata siku moja. Kila akiziwasha zilijivuta hadi kona ya dirishani, zikatulia. Miaka minne binti wa watu akaandika kwamba zimekubaliana zenyewe.

Siku moja kabla ya kuitetea kazi yake mbele ya watahini, alikuwa akijizoeza, anaviambia viti vitupu: "Hakuna anayeziongoza." Shemeji, pale mlangoni, uvumilivu ukamshinda. Namjua vizuri. Haukuwa uaminifu ule, ni uchungu wa fundi aliyenyimwa sifa.

"Hakuna vipi? Na mimi je?"

Akachukua kikombe cha maji, akayamwaga mlangoni. Maji yakateremka taratibu mpaka kona ya dirishani.

"Hiki kilikuwa chumba cha kufulia, mwanangu. Mteremko huu nimeulaza kwa mkono wangu mwenyewe!"

Binti akaketi palepale kwenye maji. "Miaka minne upo hapa, mzee. Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Wewe si ndiye msomi?"

Jamani, niliumia. Binti alilia mpaka ufagio ukanitoka mkononi. Halafu akajifuta, akawapigia watahini simu mwenyewe, akaahirisha. Angeweza kunyamaza, nani angemwaga maji siku ya mtihani? Shemeji, aibu imemshika, akaisawazisha sakafu wiki nzima bila kudai hata ahsante.

Zilipowashwa tena, loo! Zilikanyagana kwenye chaja kama ndugu wanaogawana shamba la marehemu. Mbili zikapinduka. Binti akaanza ukurasa wa kwanza upya, akaandika yote, hata ule mteremko. Kisha akamsogezea Shemeji kiti chake.

"Mzee, kuna kingine ambacho sijakuuliza?"

Shemeji akakohoa, akautazama ukuta wa upande wa pili.

"Kipo. Lakini kaa wewe kwanza."