Kucha Iliyobaki na Hina

Siku hizi ukienda kwetu Nshamba unawakuta mabinti wamechorwa hina mpaka kwenye viwiko, na kesho yake wanafua nguo kama hakuna kitu. Mimi inaniuma. Yangu niliitunza kuliko sare ya shule.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Dada yangu, na sikuwa na mwingine, alikuwa anashona nguo Bukoba mjini. Huko akapendana na kijana Mwislamu, akabadili dini ili waoane. Tata, yaani baba yetu, alikuwa katekista. Akasema dada asitajwe tena nyumbani kwake, na hakutajwa. Mbishi alikuwa shangazi peke yake. Aliaga kwamba ananipeleka mjini kununua madaftari, kumbe ananipeleka arusini.

Nilimkuta dada ameketi mkekani, hina yake imeshakauka na kubanduliwa. Ilikuwa imebaki kidogo kwenye bakuli, imekorogwa kwa ndimu na chai ya rangi. Akachukua kijiti, akanishika mkono wa kulia. Ufundi hakuwa nao, jamani. Alinichorea ua nene kama boga, kisha akanipaka kucha ya kidole cha mwisho, akaifunga kwa kitambaa.

"Usiguse maji mpaka kesho," akaniambia. "Halafu uwe unapaka mafuta. Ukiitunza itakaa."

Baada ya arusi walipanda meli ya Mwanza, waende mpaka Tanga kwa wakwe. Sikumwona tena.

Sasa niambie, kwetu hina unaitunzaje? Kazi ya msichana ni kumenya ndizi, na utomvu wake ukishika ngozi unakuwa mweusi, hautoki mpaka usugue kwa majivu. Ukisugua, hina nayo inakwenda. Nikaamua kumenya kwa mkono wa kushoto. Mama akanitazama ninavyohangaika.

"Wewe, umeanza lini mashoto?"

Nikaficha mkono wa kulia chini ya gauni. Akauvuta, akaugeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Nikasubiri kofi.

"Amenenepa?" akauliza, bila kutaja jina.

"Kidogo, mama."

Akanipokonya kisu. Tangu siku ile alimenya ndizi yeye, akaosha vyombo yeye, na jioni akawa ananipaka siagi mkononi akidai ngozi yangu imekauka. Uongo mtupu. Tata alikula chakula chake, akanawa mikono, akatoka.

Ua likafifia hata hivyo. Nilikuwa namkumbuka dada sana, na nilijua likifutika sitabaki na chochote chake. Ndipo nikafanya ujinga wangu. Nilichovya kijiti kwenye utomvu wa ndizi, nikapitisha juu ya mistari ili ikolee. Kufika jioni mkono wote ulikuwa na madoa meusi, ua silioni. Mama akanisugua kwa majivu huku nalia, na ua likaondoka na madoa. Ikabaki kucha.

Kila Jumapili kabla ya misa mama alinikata kucha kwa wembe. Ile akawa anairuka. Ikakua, wekundu ukasogea mbele kidogo kidogo, mpaka ukabaki kwenye ncha tu. Mwalimu akanichapa kwa uchafu, nikavumilia. Aliponichapa mara ya pili, mama akasema basi, inatosha.

Jumapili iliyofuata aliniweka mlangoni, akaikata polepole. Hakuitupa. Aliifunga kwenye pindo la kanga, pale alipozoea kufunga senti zake. Tata alikuwa uani, amevaa koti, kitabu cha sala mkononi, ametupa mgongo. Tulidhani anatungoja tu.

"Hina imekwisha?" akauliza bila kugeuka.

Mama akanitazama, kisha akamtazama yeye.

"Imekwisha."

Tata hakuwahi kuchelewa misa maishani mwake. Siku hiyo kengele ililia, ikalia tena, naye bado amesimama palepale.