Aspirini ya Shangazi

Kila ninaponusa mafuta ya karafuu, namkumbuka shangazi yangu, nyumbani kwetu Temeke. Alikuwa na saratani ya damu, na asubuhi ile kichwa kilimuuma vibaya. Jirani akaja mbio na aspirini.

"Meza, shoga, utapoa."

Shangazi akanyoosha mkono, lakini mama akamuwahi.

"Hapana, wifi! Daktari kakukataza. Ile ya juzi ilikutoa damu puani mpaka kanga ikalowa."

Mama akaanza kumkanda kipaji cha uso kwa mafuta yale. Jirani akakitia kidonge kinywani mwake mwenyewe.

"Basi nameza mie. Mmenitisha mpaka kichwa kinaniuma!"

Shangazi akaangua kicheko, kichwa kakishika kwa mikono miwili.

"Nyamaza, shoga! Nikicheka kinagonga!"

Akaendelea kucheka.