Mbuzi wa Suluhu

Mwalimu Adventina alizoea kusema kwamba yeye hapendi ugomvi, anapenda haki. Ndiyo maana shemeji yake Magige alipong'oa minyaa ya mpakani na kuipanda upya ndani ya shamba la Jenipher, Adventina alitoka kwake Bweri akaenda Nyamuswa kwa basi mara nne. Yeye na Jenipher walikuwa wajane wa wadogo zake Magige: Jenipher wa Fredi, yeye wa Pastory. Barua ya malalamiko kwa baraza la kata aliiandika kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ya shauri Jenipher hakuonekana barazani. Adventina alimkuta kwa Magige, amekaa mkekani na wazee wa ukoo, midomo inang'aa mafuta. Mbuzi alikuwa amekwisha kuchinjwa. Kwao, waliogombana wakishakula pamoja mbuzi wa suluhu, kesi imekufa. Anayeifufua ndiye mkosaji.

"Umekula?"

"Nimekula, dada. Mpaka umerudi ulipokuwaga. Wanangu watalima."

"Bila kuniambia! Mimi niliyekuandikia?"

"Ningekuambia ungekataa. Wewe ulitaka asimame mbele ya kata nzima aseme nimekosa. Mimi nilitaka shamba." Jenipher akapunguza sauti. "Dada, ile kesi ilikuwa yangu kweli?"

Adventina alitafuta jibu kali, lakini kilichomjia ni mazishi ya Pastory: Magige ameshika wasifu wa marehemu alioupanga Adventina, anausoma kwa sauti, na alipofika penye jina la mke akaliruka kama mtu arukaye dimbwi. Miaka sita hakumwambia mtu, jina la nyumba lisije likachafuka. Aliamini amesamehe.

"Karibu, shemeji," Magige alisema, akimsogezea sahani ya maini. "Ya kata tuyaache huko huko. Au msomi hali nyama ya kijijini?"

Wazee wakacheka. Adventina akaitazama sahani. Akila, na lile la makaburini litakuwa limekwisha, bila hata kutajwa. Jenipher alimsihi kwa macho; Adventina akageuza uso pembeni.

"Jenipher amekula lake," alisema, akiirudisha sahani. "Langu halijachinjiwa mbuzi. Kwanza niambie, shemeji, mbele ya hawa: kwa nini uliliruka jina langu?"

Kicheko kikakatika. Magige akavuta maji akanawa mikono, ingawa hakuwa amemaliza kula.