Gari Jepesi la Kaka Yangu

Kaka yangu alinicheka tangu tukiwa watoto kwa sababu ya kigugumizi changu. Nikianza neno, yeye analimalizia kwa kuigiza sauti yangu, na watu wanacheka. Nilipofungua gereji mtaani kwetu Bigwa, nyuma ya nyumba ya mama, nilidhani ufundi utanipa heshima mbele yake. Haukunipa.

Siku moja alikuja na gari kuukuu la spoti, la milango miwili, akaniambia nilipunguze uzito. Nikang'oa viti vya nyuma, zulia, kiyoyozi, tairi ya spea, kila kilichong'oleka. Gari likawa jepesi. Lakini springi zake zilitengenezwa kubeba mzigo mkubwa zaidi, kwa hiyo likanyanyuka, likasimama kama mbuzi aliyeshtuka, na kwenye matuta likawa linarukaruka.

"Lishushe," kaka akasema. Alikuwa na rafiki zake watatu, wamekaa kwenye benchi wakinywa soda. "Zikate springi."

Nilijaribu kumweleza. Springi ukiikata inafupika, lakini inazidi kuwa ngumu. Gari jepesi linataka springi laini, na shokapu nazo, zinazotuliza mruko wa springi, zilegezwe, ili magurudumu yasiachie barabara. Nilifika kwenye neno springi nikakwama.

"Spri, spri, spri," kaka akasema. "Jamani, hii injini imegoma. Isukumeni!"

Mmoja wao akainuka kweli, akanisukuma mgongoni. Wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Mama alikuwa uani anapepeta mchele. Naye akatabasamu.

Nilizitoa springi, nikazikata mzunguko mmoja na nusu kila moja. Kisha nikazikaza shokapu mpaka mwisho. Kukata springi alitaka yeye. Kukaza shokapu hakuniagiza mtu.

"Umeona sasa linavyopendeza?" kaka akasema.

Jumapili asubuhi alipanda nalo milima ya Mgeta. Wakati anatoka alinipungia mkono, nami nikampungia. Kwenye kona moja yenye makorongo, sehemu ya nyuma ya gari iliruka, magurudumu yakakosa ardhi, likaserereka na kuangukia shamba la kabichi chini ya barabara. Wakulima walimtoa wakamteremsha mjini juu ya lori la mboga, amelazwa kati ya matenga. Uti wa mgongo ulikuwa umevunjika.

Siku ya tatu aliweza kuongea. Nilikuwa peke yangu kando ya kitanda chake hospitalini.

"Ulijua litaruka?" akaniuliza.

Nikaanza kujibu, neno likakwama kama kawaida. Safari hii hakulimalizia. Alisubiri, macho kwenye dari, jasho linamtiririka masikioni. Ningevuta pumzi kidogo lingetoka. Najua mwenyewe namna ya kulitoa. Sikuvuta. Nilimwacha asubiri.

"Nilikuambia," nikasema mwishowe. "Hukunisikiliza."

Akafumba macho. Aliamini, na mpaka leo anaamini kosa lilikuwa lake peke yake.

Sasa yuko kwa mama. Namwogesha mimi, namgeuza mimi ili asipate vidonda. Mama anawaambia majirani kwamba Mungu alimpa mtoto mmoja mwenye moyo.

Lile gari nililivuta nyumbani, nikalinyoosha bodi. Nikalifungia springi laini, zinazolingana na uzito wake mpya, na shokapu nikawa nazilegeza kidogo kidogo, najaribu kwenye matuta ya mtaani, narudi, nalegeza tena, mpaka likatulia. Kaka alikuwa anasikiliza dirishani kila nilipopita.

Jioni moja akaniita. "Mdogo wangu, nizungushe kidogo tu. Mpaka Mzinga na kurudi."

"Kiti cha abiria nimeking'oa," nikamwambia. "Uzito."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeking'oa asubuhi ile.

Akageuzia uso ukutani. Nilimvutia shuka mpaka mabegani, nikatoka, nikaendesha peke yangu mpaka Mzinga, vioo vyote chini. Lilikuwa linaenda vizuri sana.